Hiyo Bahari ni Sisi

Kitabu cha Jonathan Kingdon, Island Africa, kimebeba wazo moja tamu: milima yetu ni visiwa. Kingdon, mzaliwa wa Tabora, alikitoa 1989 na michoro akachora mwenyewe. Mmea uliozoea baridi ya juu hauna pa kushukia, chini ni joto tu. Basi unabaki huko, unabadilika polepole, mpaka unakuwa spishi ya mlima huo pekee.

Sawa, lakini okidi zinalisumbua hilo wazo. Mbegu yake ni kama vumbi. Haina akiba ya chakula, lazima ikutane na kuvu wa kuilisha, ila upepo unaweza kuibeba mbali sana. Disa stairsii, kwa mfano, iko Mlima Kenya, iko Kilimanjaro zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa, na iko hadi Ruwenzori. Kwa okidi, mlima ni gereza na pia ni stendi.

Shida yangu hasa ni neno kisiwa. Ukilitaja, umeshachora bahari. Asubuhi isiyo na mawingu, kutoka soko la Kagio unauona mlima vizuri, na hiyo bahari ni sisi: nyanya, mpunga wa Mwea, lami. Okidi nyingi za msituni huishi juu ya matawi ya miti mikubwa. Kila mti mkubwa tunaokata huku chini unaondoa kituo kimoja cha njiani.

Kitafute ukisome. Ukifika kwenye ramani zake, angalia pia kule tunakoishi.