Ufundi wa Kukataa

Anayependa nyota akiishi Tukuyu anajitafutia taabu. Mvua ya Rungwe haichoki, na ikitulia, ukungu hushuka mlimani ukafunika migomba, chai na anga lote. Nyutrino, chembe ndogo mno, hazijali hayo. Zile za Jua peke yake hupita katika ukucha wa kidole gumba bilioni 60 hivi kila sekunde, zikatokea upande wa pili wa Dunia.

Mwaka 1930, kule Mbozi kwa jirani zetu, mpima ardhi W. H. Nott aliutangazia ulimwengu kimondo ambacho wenyeji walikuwa wakikijua siku nyingi: chuma cha tani zipatazo 16. Desemba mwaka huohuo, mwanafizikia Wolfgang Pauli aliandika kutoka Zürich akikisia kuwapo kwa chembe isiyo na chaji, isiyogusana na kitu ila kwa nadra: ndiyo nyutrino. Kimondo unakipapasa kwa mkono. Nyutrino ilinaswa baada ya miaka 26, tena ya hapa hapa duniani, kutoka kwenye tanuri la nyuklia.

Kuwinda zile zitokazo nje ya galaksi yetu ni kazi nyingine kabisa. Wanasayansi wa IceCube, kituo cha kunasa nyutrino kwenye Ncha ya Kusini, walitoboa barafu kwa maji ya moto, mashimo 86, wakashusha vipokea mwanga 5,160 hadi kina cha karibu kilomita mbili na nusu. Walimaliza Desemba 2010. Nyutrino ikibahatika kugonga kiini cha atomu huweza kuzaa myuoni, chembe yenye chaji, nayo hukimbia kuliko mwanga wenyewe unavyokwenda ndani ya barafu, ikiacha mmuliko wa buluu. Kwa kulinganisha nanosekunde za mmuliko huo kukifikia kila kipokezi, hujulikana nyutrino ilikotoka.

Kuona si kazi; kazi ni kukataa. Myuoni za kawaida, zinazozaliwa angahewani, hupita katika barafu hiyo kama 3,000 kila sekunde. Basi Dunia nzima hugeuzwa chekeche: kinachopanda kutoka chini, kimeshapenya mwamba, hakiwezi kuwa myuoni ya angahewa.

Tarehe 22 Septemba 2017 walinasa nyutrino moja iliyoonekana kutoka TXS 0506+056, galaksi iliyo umbali wa miaka ya mwanga ipatayo bilioni 4. Taarifa ilisambazwa ndani ya sekunde 43. Kisha wakafukua kumbukumbu za miaka tisa na nusu, wakakuta ziada ya nyutrino nyingine palepale, ya kati ya Septemba 2014 na Machi 2015. Mwaka 2022 wakaja na galaksi nyingine, NGC 1068: nyutrino 79 hivi, mavuno ya karibu muongo. Uwezekano kwamba ni bahati tu ulikuwa mdogo mno, ila haukufika chini ya kiwango kinachotakiwa katika fizikia kabla ya kudai ugunduzi, nao wakauita ushahidi tu.