Imani Mbili Katika Moyo Mmoja

Mwaka 1788 John Newton, mchungaji wa London, alitoa kitabu kidogo cha kushutumu biashara ya watumwa wa Afrika. Yafaa tukipime. Mtunga nyimbo huyu alianza kumgeukia Mungu katika tufani ya mwaka 1748. Lakini tangu 1750 hata 1754 alikuwa nahodha wa merikebu za watumwa, huku akiongoza ibada ya Jumapili humo humo. Aliacha bahari kwa ugonjwa, si kwa dhamiri. Kwamba Mungu ameumba watu wote, aliamini. Kwamba mtu aweza kuuzwa, aliamini pia. Imani hizo zilikaa nyumba moja zisijuane.

Kitabu chakiri sababu: kutofikiri, na faida. Hapo twakisifu. Lakini kina upungufu: chahesabu kwanza hasara ya mabaharia Waingereza, ndipo mateso ya Waafrika. Ikiwa watu wote ni damu moja, je, aliyefungwa minyororo hakustahili kutajwa kwanza?

Basi, ndugu wasomaji, kila tuliaminilo tulikutanishe na jingine. Newton alikawia miaka 34, na aliyelipa gharama ya kukawia kwake hakuwa yeye.