Sinema na Wagonjwa

Siku hizi waganga wakisafiri kwenda kutunza wagonjwa katika nchi yenye shida, mara nyingi mpiga sinema hufuatana nao. Mtu huyo anapaswa kutengeneza nini kabla ya safari? Filamu mbili zinatusaidia kujibu.

Ya kwanza ni Living in Emergency ya Mark Hopkins, iliyotolewa mwaka 2008. Yafuata waganga wanne wa Médecins Sans Frontières, chama kilichoanzishwa Ufaransa mwaka 1971, katika kazi yao Liberia na hapa kwetu Kongo. Twaisifu kwa ukweli wake. Haiwafanyi waganga kuwa malaika: wanachoka, wanakasirika, wanakosa vyombo. Lakini wanaosema ni waganga hasa. Wagonjwa wanaletwa, wanapasuliwa, wanapita, wala hatujui wangalisema nini.

Ya pili ni L'Homme qui répare les femmes ya Mbelgiji Thierry Michel, ya mwaka 2015, juu ya mganga Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, Bukavu. Humo wanawake walioteswa wanasema wenyewe. Serikali ilikataza filamu hiyo Septemba 2015, ikisema yachafua jina la jeshi; mwezi uliofuata ikairuhusu. Basi neno la mgonjwa lina uzito.

Mtu atasema: anayetokwa damu hawezi kusimulia habari zake. Ni kweli. Wala hawezi kutoa ruhusa. Tena anayetunzwa bure anaogopa kumkatalia mtu aliyefika pamoja na mganga wake. «Ndiyo» ya namna hiyo ni ndiyo ya woga.

Kwa hiyo matengenezo si taa na betri tu. Mpiga sinema atafute kwanza mtu anayejua lugha ya mahali, asiye mganga wala mlinzi wa hospitali, ambaye ataeleza kwamba anayekataa picha atatunzwa sawasawa na wengine. Mgonjwa akiisha kupona, aulizwe tena, naye aweze kusema: «Futeni.» Siku za kazi hiyo zihesabiwe kabla ya kununua tikiti ya ndege. La sivyo, zitakosekana.

Ndugu wasomaji, wageni wenye kamera wakifika kwenu, wapokeeni vizuri. Halafu waulizeni: «Nani aliomba ruhusa, kwa lugha gani? Nasi tutaiona filamu hiyo lini?»