Hongereni, Wanasayansi wa Mlabani

Malaria ni swali la dunia nzima, lakini pale Mlabani, Ifakara, linajadiliwa na watu wanaolala nalo. Maabara iliyoanzishwa na Mswisi Rudolf Geigy mwaka 1956 ndiyo iliyozaa Taasisi ya Afya Ifakara. Mtafiti wake wa mbu, Fredros Okumu, alipanda jukwaa la TED jijini Arusha mwaka 2017 akaueleza ulimwengu kuhusu utafiti wa mbu. Ni fahari kubwa.

Kinachonigusa zaidi, hata hivyo, ni mazungumzo ya vijijini. Je, mbu waliobadilishwa vinasaba waachiwe siku moja ili kupambana na malaria? Mtafiti wa taasisi hiyo, Marceline Finda, na wenzake hawakulifungia swali hilo maabarani. Waliwauliza wanavijiji, viongozi na wanasayansi wenzao, na majibu yakaingia kwenye majarida ya kimataifa.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mkulima wa mpunga wa Kilombero anayehamia kibanda cha shambani msimu mzima, chenye mianya kila upande, anajua ugumu wa kutundika chandarua humo. Mtaalamu naye anajua kwamba Anopheles funestus, mbu anayeeneza sehemu kubwa ya malaria katika Bonde la Kilombero, huzaliana kwenye maji yasiyokauka hata kiangazi. Wakikaa pamoja, kila mmoja huondoka na elimu aliyoikosa.

Hongereni sana. Endeleeni kuuliza kabla ya kuamua, kwa Kiswahili kinachoeleweka kwa bibi na mjukuu, na taasisi nyingine ziige.