Shahidi wa Mtaa wa Azusa

Wahenga walisema kuwa mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hii yafaa kukumbukwa na kila asomaye historia, hasa historia iliyoandikwa na mtu aliyekuwapo mambo yalipotendeka. Kitabu nitakachokipima hapa, msomaji mpenzi, ni cha namna hiyo. Mtungaji wake ni Frank Bartleman, mhubiri wa Marekani. Kilitolewa mwaka 1925, nacho chasimulia jinsi uamsho wa Kipentekoste ulivyozuka katika mji wa Los Angeles mwaka 1906.

Bartleman alizaliwa katika jimbo la Pennsylvania mwaka 1871. Alipita katika madhehebu kadhaa, hata katika Jeshi la Wokovu, wala hapana lililomkalisha. Mwishoni mwa 1904 alifika Los Angeles pamoja na mkewe na watoto, hali mkono mtupu. Mwanzo wa 1905 walimzika binti yao Esther, aliyekuwa bado mdogo. Baada ya msiba huo alijitoa zaidi kwa sala na kalamu. Alichapisha vijikaratasi vya mahubiri akavigawa kwa mkono wake. Aliyaandikia magazeti ya dini. Tena alipelekeana barua na Evan Roberts, aliyejulikana kwa uamsho wa Wales.

Mwezi wa Aprili 1906, watu waliokuwa wakisali katika nyumba moja ya Mtaa wa Bonnie Brae walihamia jengo la mbao katika Mtaa wa Azusa, nambari 312. Zamani jengo hilo lilikuwa kanisa la Wamethodisti weusi, kisha likawa ghala na zizi. Mbao zilizotandazwa juu ya vipipa vya misumari ndizo zilizokuwa viti. Kiongozi wao alikuwa William J. Seymour, mtu mweusi, mwana wa wazazi waliopata kuwa watumwa, naye alikuwa kipofu wa jicho moja. Huko Houston alikuwa amefundishwa na Charles Parham. Lakini kwa sababu ya ubaguzi wa rangi wa Texas, aliyasikiliza masomo akiwa nje ya chumba. Mtu huyu aliyewekwa nje ya mlango ndiye aliyewafungulia mlango weusi na weupe, waume kwa wake, wasali pamoja.

Tarehe 18 Aprili 1906, siku ile ile tetemeko lilipouangusha mji wa San Francisco, gazeti moja la Los Angeles lilitoa habari ya mikutano hiyo kwa dhihaka. Mwandishi wa gazeti alisikia makelele akaona wazimu. Bartleman alisikia makelele yale yale akaona mbingu zimefunguka. Walakini wote wawili washuhudia kwamba watu wa rangi mbalimbali walikaa mahali pamoja: mmoja alisema hivyo kwa kucheka, mwingine kwa furaha, akidai kuwa damu ya Yesu imeufuta mpaka wa rangi. Mashahidi wasiopatana wanapokubaliana juu ya jambo moja, twaweza kuliamini.

Sifa kubwa ya Bartleman ni kwamba alikuwapo, na jicho lake lilikuwa kali. Yeye ndiye atuambiaye kwamba Seymour alikaa nyuma ya masanduku mawili matupu yaliyopandana, na wakati wa mkutano akaficha kichwa ndani ya lile la juu, akisali. Mtu wa kusikia tu hangeweza kubuni jambo dogo kama hilo. Tena mengi aliyaandikia magazeti mambo yalipokuwa bado mabichi. Kwa hiyo kitabu chake si kumbukumbu za uzeeni tu.

Sasa tuitazame ngozi ya ngoma. Bartleman afundisha kuwa katika uamsho ule hapakuwa na mkubwa ila Roho Mtakatifu. Mafundisho hayo ni ya unyenyekevu, lakini tazama matokeo yake. Seymour, aliyebeba mzigo wa kila siku, apewa mistari michache. Sala, safari, magonjwa na njaa za Bartleman zajaza kurasa nyingi. Mwandishi asemaye kuwa hapana mtu wa kutukuzwa aliweka neno "mimi" karibu katika kila ukurasa. Sidhani kwamba alikusudia kudanganya. Aliandika yaliyompata, na yaliyompata yalikuwa yake.

Hukumu zake nazo zataka kupimwa. Kibao chenye jina kilipotundikwa kwenye jengo la Azusa, yeye aliona anguko limeanza, na Agosti 1906 alifungua mahali pengine pa ibada. Je, kibao chaweza kuangusha kanisa? Mambo mengine yalikuwa mazito zaidi. Orodha ya wasomaji wa gazeti la Azusa ilihamia Portland, na sauti ya Seymour ikafifia. Mwaka 1911 mhubiri William Durham alileta mafundisho mapya, Seymour akamfungia mlango. Bartleman akawa upande wa Durham. Mpaka wa rangi ulirudi, makanisa ya weusi na ya weupe yakaenda kila moja njia yake. Kitabu kilipotoka mwaka 1925, Seymour alikuwa amekwisha kufa tangu 1922. Marehemu hajibu.

Je, tukitupe kitabu hiki? La, hasha. Pasipo Bartleman tungebaki na dhihaka ya magazeti na karatasi chache za wenyeji wa Azusa. Yatupasa kumshukuru na kumhoji kwa wakati mmoja, kama hakimu mwema amhojivyo shahidi mkweli.

Jambo hili si la Marekani peke yake. Wamisionari wa Kipentekoste walikaa Nyang'ori, magharibi mwa Kenya, tangu miaka ya 1920, na makanisa ya namna hiyo yameenea nchini kote. Siku moja niliwaambia wanafunzi wangu waandike historia ya kanisa la kwao. Karibu wote walitaja jina la mmisionari. Ni wawili tu waliomtaja Mwafrika aliyefundisha vitabu vya kwanza, wala hapana hata mmoja aliyewataja akina mama waliochota maji ya kukandia udongo wa kuta. Hakuna aliyesema uwongo; kila mmoja aliandika alichosimuliwa.

Basi, msomaji, ukishika kalamu kuandika habari za kwenu, jiulize kwanza: ni nani aliyekaa nyuma ya masanduku, akisali kimya? Nenda ukamwulize angali hai.