Mlenda na Daftari: Juu ya Kuyaandika Mapishi ya Wazee

Wakusanyaji wa utamaduni wetu wamezitendea haki methali na vitendawili, na ngoma pia wamezieleza kwa bidii. Mapishi, walakini, aghalabu hupewa kurasa za mwisho, nayo huandikwa kwa mtindo mmoja tu: vitu vinavyohitajiwa, kiasi chake, kisha namna ya kupika. Mtindo huo twataka kuuhakiki hapa, kama vile mtu ahakikivyo shairi au tamthilia. Tutatumia mfano mmoja, mlenda wa Kibakwe, kwa sababu ndio tuujuao, na kwa sababu sisi wenyewe tuliukosea.

Kibakwe ni tarafa ya Wilaya ya Mpwapwa, Mkoa wa Dodoma. Mvua ya nyanda za kati ni ya msimu mmoja, toka Novemba au Desemba hata Aprili. Miezi iliyosalia ardhi ni kavu. Basi majani ya mlenda, ambayo huota na mvua, huchumwa kwa wingi, huanikwa, hutwangwa yakawa unga, na kuhifadhiwa kibuyuni. Siku ya kupika, maji hutiwa magadi, yakichemka hunyunyiziwa unga ule na kupekechwa kwa upekecho. Wenye karanga huzitwanga wakaongeza. Huliwa kwa ugali wa uwele au wa mtama. Hayo yaandikika bila taabu, na msomaji ameona kwamba mistari michache imetosha.

Taabu ilianza tulipoketi jikoni na mama yetu, mwaka mmoja kabla hajafariki, daftari likiwa gotini. Tukamwuliza, "Mama, magadi kiasi gani?" Akajibu, "Mpaka maji yakubali, baba." "Yatakubali vipi?" "Utayaona." Sisi, tuliosoma hata sekondari na kuzoea majalada ya ofisini, tuliona kwamba jibu hilo haliandikiki. Tukakitazama kijiko chake, tukaandika: vijiko viwili.

Baada ya matanga, binti zetu walioko Dodoma mjini walipika kwa kulifuata daftari. Mlenda ukawa mchungu hata haukulika. Mama alikuwa akichuja magadi yake kwa majivu ya mabua ya mtama, na ukali wa majivu hubadilika kila mara. Binti walitumia magadi ya dukani. Mtu atasema kosa letu ni kutotaja aina ya magadi. Ni kweli, lakini hilo ni nusu tu. Maneno ya mama yalifaa kwa majivu yoyote, kwa chungu chochote na kwa maji ya kisima chochote, kwa kuwa yalimtaka mpishi atazame, aonje, kisha aamue. Yetu yalifaa kwa chungu kimoja, siku moja. Katika maelezo yale mawili, lililokuwa sahihi zaidi ndilo tulilolitupa, tukidhani kwamba ni lugha ya watu wasiosoma.

Kuna jambo jingine ambalo daftari halikulipokea kabisa. Bibi yetu alikuwa mtoto wakati wa Mtunya, njaa kuu ya Ugogo ya miaka ya 1917 hadi 1920, ambapo majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, kisha mvua nayo ikakosa. Maisha yake yote bibi hakukubali kibuyu cha mlenda kiishe. Konzi moja ilibaki ndani mpaka majani mapya yakauke. Mama aliishika desturi hiyo, na kisa cha Mtunya alikisimulia pale tu alipokuwa akikwangua kibuyu, si wakati mwingine. Tulikisikia mara nyingi, hata kikatuchosha. Tulipoandika mapishi hatukuandika "bakisha konzi moja," kwa kuwa hatukudhani kwamba konzi ile ni sehemu ya mapishi.

Hatusemi kwamba kazi ya kuandika haina maana. Kitabu kikubwa cha Ruffo, Birnie na Tengnäs juu ya mimea ya porini iliwayo nchini Tanzania, kilichotolewa mwaka 2002, kimehifadhi majina ya mimea kwa lugha zetu nyingi, na mwalimu akikipata asikiache, ingawa kimeandikwa kwa Kiingereza. Lakini ni kitabu cha mimea. Mpishi hupita humo upesi. Wenzetu wa Kenya walifanya jambo la karibu zaidi na shule: waliwashirikisha wanafunzi katika kuorodhesha vyakula vya asili vya Waisukha na Wapokot, na mwaka 2021 UNESCO iliingiza juhudi za nchi hiyo katika rejista ya mifano bora ya kuhifadhi urithi. Twaipongeza kazi hiyo. Hata hivyo, ndugu walimu, mkiwatuma wanafunzi kwa bibi zao, swali letu ni hili: mtoto akiambiwa "mpaka maji yakubali," ataandika nini? Na akiandika maneno yenyewe, mwalimu atampa alama au atamkatia?

Kipimo kina faida yake. Mpishi wa bweni lenye wanafunzi mia nne hawezi kupika kwa kubahatisha. Hata sisi watunga mashairi twahesabu mizani. Lakini hakuna mshairi aliyepata kuwasomea watu hesabu ya mizani akadhani amewasomea shairi.

Tumefungua daftari jipya, safari hii kwa mama mdogo, ambaye bado yuko Kibakwe. Twaandika asemavyo, na pale anaponyamaza akitazama chungu twaandika kwamba amenyamaza. Amekwisha kututajia majina manne ya majani, kwa Kigogo. Mawili kati yake binti zetu hawakuwa wamepata kuyasikia. Tulipomwomba atueleze majani yenyewe yalivyo, alikataa kuyaeleza kwa mdomo. Alisema tuje Januari, mvua ikishanyesha, na tuwalete binti.