Maktaba Maalum, Msomaji Maalum

"Tukutane Archives." Hakuna Mnairobi hajawahi kutuma ujumbe huo. Lakini wasee wengi huishia pale nje, Moi Avenue, na hawajui kwamba ndani kuna maelfu ya vitabu adimu vilivyokusanywa na Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya. Serikali ilinunua mkusanyo wake miaka ya 1970. Murumbi alitaka pia nyumba yake ya Muthaiga iwe taasisi ya masomo ya Afrika. Haikuwa. Ilibomolewa.

Vitabu vya aina hii huitwa maktaba maalum: mkusanyo unaofuata somo moja, taasisi moja au mtu mmoja. Neno hilo "maalum" ndilo linanisumbua. Maalum kwa nani?

Ukirudi nyuma, jibu liko wazi. Mwaka wa 1909, walowezi, maafisa na wamishonari waliunda chama cha elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki, na vitabu vyao ndivyo vilivyozaa maktaba ya Makumbusho ya Nairobi. Baada ya 1948, Muguga ikawa makao ya utafiti wa kilimo kwa nchi zote tatu, na maktaba yake ilikuwa ya kanda nzima. Jumuiya ilipovunjika 1977, mali nyingine ziligombaniwa. Vitabu vya Muguga vilibaki Kenya. Rafu huwezi kuzikata vipande vitatu.

Ukiwauliza wakutubi kuhusu changamoto, watakutajia bajeti, uhaba wa wafanyakazi na majarida yanayolipiwa kwa dola. Ni kweli kabisa. Mradi ukiisha, mara nyingi maktaba yake hugeuka stoo. Lakini kuna shida nyingine ambayo haihitaji hata shilingi moja kuitatua.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Nikienda maktaba ya taasisi fulani, jina nalimeza, sikuulizwa, "Unatafuta nini?" Niliulizwa, "Umetumwa na nani?" Barua ya idara iko wapi? Kitambulisho cha chuo? Sikutaka kubeba kitu, bana. Nilitaka kusoma ripoti moja nikiwa nimekaa pale pale, soja akiniangalia.

Kuna wanaojaribu. ILRI, kule Kabete, huweka machapisho yake kwenye hazina ya mtandaoni ya CGSpace, na yeyote mwenye bando anasoma bure. Hiyo ni hatua kubwa, hata kama mengi yameandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu. Ila ramani na ripoti za zamani ambazo hazijawahi kuskaniwa bado ziko kwenye makaratasi, nyuma ya mlango ule ule.

Kabla ya siasa, Murumbi alikuwa karani. Hakuwa profesa. Alikusanya vitabu kwa sababu alivipenda na aliona historia yetu inauzwa nje. Sasa fikiria karani wa leo mwenye kiu hiyo hiyo, asiye na barua. Tunampoteza mlangoni, halafu tunaandaa warsha kuuliza kwa nini vijana hawasomi.

Sidai milango yote ivunjwe. Vitabu adimu vinahitaji ulinzi. Weka orodha ya vitabu mtandaoni, tenga siku moja kwa wiki kwa mtu yeyote mwenye kitambulisho cha taifa, na umuulize anatafuta nini. Kitabu kisichosomwa hulindwa kwa ajili ya mchwa.